Kirago cha Fundi Majeneza

Mhudumu wa chumba cha maiti alitaka kujibiwa jambo moja tu: achomwe sindano au asichomwe. Alikuwa ameshavaa glavu, chupa ya dawa ameiweka juu ya beseni lililogeuzwa, na nyuma yake familia nyingine mbili zilikuwa zikingoja zamu zao. Spéciose alisema asichomwe. Xavier, shemeji yake, akasema achomwe. Mhudumu akawatazama mmoja baada ya mwingine kama mwuza nyama anayengoja mume na mke wakubaliane mfupa au mnofu.

"Nani mwenye maiti?" akauliza.

"Mi ni muke yake," alisema Spéciose.

"Na mi ni ndugu yake, tumbo moja," alisema Xavier. "Watoto wa dada yetu wako Bruxelles, watafika juma ijayo. Bila dawa hawatakuta mutu, watakuta arufu."

Spéciose alifungua pindo la kikwembe chake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Melchior, mumewe, aliyekata roho alfajiri ile kwa ugonjwa wa figo, alikuwa ameiandika miezi saba kabla, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa za kuandikia vipimo vya mbao, na chini yake mkuu wa mtaa wa Gasenyi alikuwa amegonga muhuri. Ilikuwa na maagizo matatu. Asichomwe dawa. Asiwekwe kwenye jeneza, bali avikwe pamba na kufungwa kwenye kirago. Juu ya kaburi lake pasiwe na saruji, wala vigae, wala maua ya plastiki. Uachwe udongo, na majani yatakayoota yenyewe.

Mhudumu aliisoma polepole, midomo ikicheza. Akasema yeye yuko kazini miaka kumi na tatu na hajapata kuona karatasi ya namna hiyo, lakini anayesaini ni mke wa ndoa, basi mama asaini. Spéciose akasaini. Ile chupa ikafungwa, ikapelekwa kwa maiti aliyefuata.

Nje, kwenye jua, Xavier alizungumza bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Spéciose.

"Basi utamuzika kesho, shemeji, kabla hajaharibika. Na utamuzika peke yako."

Lililomfanya Xavier awe mkali hivyo halikuwa fumbo kwa mtu yeyote wa Bujumbura aliyewahi kufiwa. Melchior na Xavier walikuwa mafundi majeneza. Kwa miaka ishirini na sita karakana yao ilikuwa kando ya barabara ipandayo Gihosha, majeneza yamesimamishwa wima mlangoni kama watu waliojipanga kungoja basi: la watoto, la kawaida, lenye kioo, na lile kubwa jeupe lenye vishikio vya rangi ya dhahabu ambalo wao wenyewe waliliita Waziri. Melchior alikata na kuranda, Xavier alipiga vanishi na kuongea na wateja, na Spéciose, katika chumba cha nyuma, alishona satini ya ndani na mito midogo ya kulazia kichwa. Mikono yake ilikuwa imewatandikia watu wengi wa mji huu kuliko wakunga walivyowapokea.

Kilichombadilisha Melchior kilikuwa Ruziba. Ziwa lilipopanda na kukataa kurudi mahali pake, familia moja ya huko iliona kaburi la ukoo wao linaingia majini, ikaamua kuwahamisha wafu wake. Wakamwita Melchior aje na majeneza mapya. Alikaa siku tisa. Alirudi amekonda, akaoga mara mbili, akakaa kitandani na kumwambia mkewe aliyoyaona.

Alisema wazee waliozikwa zamani kwenye virago hawakuonekana kabisa. Watu walichimba, wakapekua, wakapata udongo mweusi mzuri wenye mizizi, na jino moja. Wakachukua udongo ule kwenye kikapu, wakasali, yakaisha. Lakini wale wa miaka ya karibuni, waliochomwa dawa na kufungiwa kwenye mbao za kubandika, chini ya saruji, walikuwa bado wako pale. Mbao zilikuwa zimevimba kama mkate kwenye chai. Vanishi ilikuwa imechuruzika, maji yana rangi ya kutu na harufu ya hospitali, na hatua arobaini kutoka hapo palikuwa na kisima. Jeneza la tatu walilolitoa lilikuwa na alama yake mwenyewe ya msumeno pembeni. Satini ya Spéciose ilikuwa ndani, nzima, inang'aa, kama imetoka dukani jana. Satini ndiyo pekee haikuoza.

"Spé," alimwambia, "tumekuwa tunanyima watu udongo."

Tangu siku hiyo aliendelea kufanya kazi, maana familia ilikuwa inakula kutoka hapo, lakini aliacha kusifu bidhaa zake. Mteja akiuliza lipi linadumu zaidi, Melchior alikuwa akijibu kwamba kudumu ndiko kubaya. Xavier ndiye aliyekuwa akimsogeza kando na kumalizia biashara.

*

Jioni ile, kabla jua halijatua, ukoo ulikaa chini ya turubai katika ua wa nyumba ya Gasenyi. Viti vya plastiki vilikuwa vimekodiwa, wajomba wamefika, na kila aliyefika alikuwa ameshaisikia ile habari njiani. Hakuna aliyempa Spéciose pole kabla ya kumwuliza kama ni kweli.

Alieleza mara moja, akasoma karatasi mara moja. Mjomba mmoja akasema kuwa mgonjwa wa figo damu humchafuka mpaka kichwani, na maneno yake hayashikwi. Mwingine akasema hata wakati wa njaa, babu zao walipofungwa kwenye virago, ilikuwa kwa kukosa, si kwa kupenda. Shangazi akataka kujua, kwa upole uliokuwa na meno, kama fedha za mazishi zimepungua, ili watu wajichange wazi wazi badala ya kufanyiwa mchezo wa karatasi. Spéciose akajibu kuwa fedha zipo. Jibu hilo likawa baya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa ni mwanamke mwenye fedha asiyetaka kumzika mumewe.

Orlane, binti yake wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni mikono ameikunja. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na Agosti ile familia ya Loïc, mchumba wake, ilikuwa ije kutoa mahari. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshatuma ujumbe kuuliza avae rangi gani mazishini.

"Papa alikuwa anatengenezea kila mutu sanduku," alisema Orlane. "Kila mutu, hata wale hawakumulipa. Sasa ye mwenyewe tumufunge kama viazi?"

Spéciose alimwangalia mwanawe akaona kwamba neno lile halikutoka kwa Xavier wala kwa shangazi. Lilikuwa lake mwenyewe, na lilimwuma mwenyewe pia. Akataka kumsogelea. Orlane akaingia ndani.

Xavier hakuzungumza juu ya heshima. Yeye alikuwa mtu wa biashara, na alikwenda moja kwa moja kwenye jambo. Alisema wafanyakazi wao ni wanane, na kila mmoja ana watoto.

"Muuza mukate akikataa mukate yake mbele ya watu, kesho nani atanunua? Gari itapita Gihosha, shemeji. Mbele ya atelier yetu. Wateja watasimama barabarani kuangalia sanduku gani Melchior alijichagulia. Sasa wataona kirago?"

Ndipo likazaliwa lile shauri la nusu kwa nusu. Mjomba mkubwa ndiye aliyelitoa, na watu wakalipokea kwa pumzi ya kushukuru. Marehemu afungwe kwenye kirago chake, kama alivyotaka, kisha kirago kiwekwe ndani ya Waziri. Apite Gihosha ndani ya Waziri. Aingie kanisani ndani ya Waziri. Akifika kaburini, atolewe.

Spéciose alijua anachoombwa. Alikuwa anaombwa kumkodishia mumewe uongo kwa saa tatu. Lakini alikuwa hajalala siku mbili, na watu thelathini walikuwa wakimtazama.

"Mpaka kwenye shimo," alisema. "Apo anatoka."

"Apo anatoka," alisema Xavier, akainuka kwenda kupiga simu.

*

Asubuhi alikwenda Quartier Asiatique kununua pamba. Duka lilikuwa la Nafisa, ambaye babu yake alikuja kutoka Omani na kufungua duka hilohilo la vitambaa, na ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amemwuzia Spéciose satini yote ya majeneza. Walijuana kama wanavyojuana mnunuzi na mwuzaji wasiopunjana: majina ya watoto, magonjwa ya mama zao, basi.

Nafisa alimpa mkono wa pole kwa mikono miwili. Aliposikia kinachotakiwa, hakuuliza maswali. Alishusha jora la pamba nyeupe isiyotiwa rangi, akapima, akaanzisha kwa meno na kuipasua kwa mikono. Alimweleza namna ya kukunja kuanzia upande wa kulia, na vifundo vifungwe vingapi, na kwamba ni vizuri kuwahi.

"Sisi ndivyo tunavyozika, dada Spéciose, tajiri na maskini," alisema. "Hakuna tofauti. Mungu amrehemu fundi, alikuwa mtu mkweli."

Halafu akasita, mkono juu ya kitambaa kilichokunjwa. Akasema kwamba jana jioni watu wawili walikuja kumwuliza kama ni kweli mume wa Spéciose alisilimu kitandani, na kama ni yeye Nafisa aliyemsilimisha. Yeye ana duka. Wateja wake ni wa dini zote.

"Mfuko huu una jina la duka," alisema, na hakumtazama usoni. "Naomba uubebe kwenye mfuko mwingine. Usinielewe vibaya."

Spéciose alimwelewa vizuri. Akafungua kikwembe chake cha begani, akaifunga pamba ndani, akaiweka kichwani. Kirago alikinunua sokoni, kipya, cha mafunjo, bado kinanukia bwawa. Mwuzaji alipouliza ni cha kulalia watoto au wageni, alisema cha mgeni.

Kwenye chumba cha maiti Orlane hakuja. Wanawake wa kikundi cha sala, ambao ndio waliokuwa wakiosha maiti wa parokia, walituma salamu kwamba wako kwenye msiba mwingine. Spéciose alimwosha mumewe yeye na yule mhudumu wa jana, ambaye alivua saa yake, akaiweka mfukoni, akafanya kazi bila neno. Walimvika pamba, wakamlaza kwenye kirago, wakakunja, wakafunga kwa kamba za migomba mahali pa kifua, kiuno na miguu. Melchior hakuwa mtu mkubwa. Ndani ya kirago alionekana mrefu kuliko alivyokuwa.

"Ni mwepesi," alisema mhudumu walipomwinua, kama mtu anayestaajabu. Kisha wafanyakazi wa Xavier wakaingia na Waziri.

*

Padri hakuwa na tatizo. Spéciose alikuwa amempelekea ile karatasi asubuhi na mapema, naye akamrudishia akisema Kanisa halijawahi kutangaza kwamba mbao ni sakramenti. Alichoomba ni kwamba maiti afike kwa wakati, maana saa tisa alikuwa na ubatizo. Ibada ilikuwa fupi. Waziri alimeremeta mbele ya altare, na watu wengi waliokuja kwa ajili ya kuona kirago walitulia, wakaimba vizuri.

Gari lilikuwa limepita Gihosha polepole kuliko ilivyohitajika. Mbele ya karakana Xavier alimwambia dereva asimame kidogo, wafanyakazi wavue kofia. Spéciose, kwenye gari la nyuma, aliona watu wa barabarani wakilionyesha jeneza kwa kidevu, wakitikisa vichwa kwa kusifu.

Makaburini, msimamizi alikuwa wa kwanza kumkabili. Alikuwa amesikia. Alisema wanaozikwa bila sanduku wana upande wao, kule kwa Waislamu, na kama mama anataka mambo hayo ampeleke huko. Spéciose akamwonyesha muhuri wa mkuu wa mtaa. Msimamizi akamwangalia Xavier, na Xavier akafanya ishara ndogo ya mkono, kama ya kusema usihangaike. Spéciose aliiona ishara ile.

Padri aliposema amina, wachimbaji wawili walipitisha kamba chini ya Waziri na kuanza kumwinua.

"Mungoje," alisema Spéciose. "Bado hajatoka."

Wachimbaji walisimama. Xavier alikuja karibu yake, akasema kwa sauti ambayo safu tatu za kwanza zilisikia:

"Sanduku imefungwa, shemeji. Tournevis imebaki atelier. Tusimusumbue mutu amelala."

Palikuwa na watu zaidi ya mia. Mama yake Loïc alikuwa mbele, amevaa zambarau, amebeba shada kubwa la maua ya plastiki lililoandikwa jina la familia yao. Orlane alikuwa pembeni yake, ameinamisha kichwa. Upepo ulikuwa ukipeperusha stola ya padri. Kama Spéciose angelia wakati ule, wangemshika mikono, wangemkalisha, na yote yangekwisha.

Lakini zile skrubu alizijua. Kila miezi mitatu ni yeye aliyekuwa akizihesabu na kuzipanga kwenye makopo. Skrubu za Waziri zilikuwa na vichwa vya maua ya shaba, na zilitengenezwa zifunguliwe kwa vidole, ili familia ikitaka kumwona mtu wake mara ya mwisho isihangaike kutafuta bisibisi. Xavier mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza wateja hivyo.

Alipiga magoti kwenye udongo na nguo yake ya msiba, akashika ua la kwanza. Lilikuwa limekazwa kwa koleo. Lilimkata kidole, likalegea. Akaenda la pili. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anavutana na mjane juu ya jeneza. Maua sita. Kila skrubu ilisikika ikidondoka kwenye mfuniko. Lile la sita lilipotoka, mtu nyuma alisema kwa Kirundi kwamba huyu mwanamke amerogwa, na watu wakaanza kuondoka.

Hawakukimbia. Waliondoka kwa heshima zao, wawili wawili, wakikung'uta viatu. Wajomba waliondoka. Mama yake Loïc alitafuta mahali pa kuweka shada lake, akakumbuka, au akakumbushwa, kwamba halikutakiwa. Ikambidi alibebe kurudi nalo mpaka kwenye gari, na hilo hakulisamehe. Orlane alimfuata kumfungulia mlango. Xavier alibaki amesimama kando ya mfuniko, uso umekuwa wa kijivu.

"Umeniua leo," alimwambia Spéciose, kisha naye akaenda.

Spéciose na wachimbaji wakakitoa kirago na kukilaza kando ya shimo, lakini mchimbaji mmoja akasema yeye hashuki kwenye shimo na mtu aliyefungwa vile. Padri akatazama saa yake. Akavua stola, akaikunja, akaiweka juu ya Waziri mtupu, akashika ncha ya kamba. Mchimbaji wa pili akaona aibu akashika nyingine. Wa kwanza, kwa kuona mwenziwe ameshika, akashika ya tatu. Ya nne aliishika Spéciose. Wakamshusha Melchior polepole, naye akafika chini bila sauti.

*

Siku za kugandara, wakati ambapo nyumba ya msiba hujaa watu wakikaa na wafiwa, ua wa Gasenyi ulikuwa na viti vitupu. Waliokodisha viti walikuja kuvichukua kabla ya siku yao. Kreti za bia zilirudishwa dukani zikiwa hazijafunguliwa. Mtaani walisema amesilimu; wengine walisema hapana, bali amekula fedha za jeneza; wengine wakasema Melchior alikufa na siri, ndiyo maana hakutaka mbao zimshuhudie. Familia ya Loïc ilituma ujumbe kwamba Agosti ni karibu mno, wangoje kwanza msiba upoe. Orlane alikusanya nguo zake akahamia kwa shangazi. Hakugombana. Alisema tu kwamba hawezi kukaa nyumba moja na mama yake kwa sasa.

Spéciose alipokwenda karakana kuchukua mashine yake ya kushonea, alikuta kufuli jipya. Mfanyakazi mmoja alimwambia kwa kuona haya kwamba patron Xavier amesema mashine ni ya kampuni.

Alhamisi tatu mfululizo alikwenda makaburini. Alikuwa hana la kufanya huko, alikaa tu. Udongo ulikuwa umeanza kushuka na kujipanga, na vijani vya kwanza vilikuwa vimetoka upande wa kichwani. Kulia na kushoto makaburi yalikuwa ya vigae, meupe na ya bluu kama mabafu, na jua lilipopanda yalirudisha joto usoni kwa mtu. La Melchior peke yake ndilo lililokuwa poa.

Alhamisi ya nne alikuta mafundi wawili wa ujenzi, toroli limejaa saruji iliyokorogwa, matofali, na maboksi manne ya vigae vya zambarau. Vijani walikuwa wameshavikwangua. Xavier alikuwa anapima urefu kwa futi.

"Kibanza iko kwa jina langu," alisema kabla hajaulizwa. Akatoa risiti. Ni kweli, asubuhi ile ya mazishi, Spéciose alipokuwa anaosha maiti, Xavier ndiye aliyekuja kulipia mahali pa kaburi. "Ye ni ndugu yangu. Nitamujengea kama mutu."

Spéciose alivua viatu, akapanda juu ya kaburi, akakaa katikati, miguu ameinyoosha mbele.

"Basi mumwage," aliwaambia mafundi.

Mafundi wakamtazama Xavier. Xavier akamwambia ainuke. Akamwambia tena, akimwita Mama Orlane, si shemeji. Alisema ataita polisi. Spéciose akasema aite. Alisema ataambia ukoo wote. Spéciose akasema ukoo wote umekwisha kuambiwa, hakubaki wa kumwambia. Xavier alizunguka kaburi mara mbili, futi ikijikunja na kukunjuka mkononi mwake, na hatimaye aliposema lililokuwa moyoni, sauti yake ilimtoka vibaya.

"Alinihukumu. Mbele ya mji muzima. Ye amekufa musafi, mi nimebaki na uchafu wetu wawili. Kila mutu anaingia atelier ananiuliza, kwa nini kaka yako alikataa? Niseme nini? Niseme nini, Mama Orlane? Miaka ishirini na sita."

"Useme ukweli. Kwamba aliona Ruziba."

"Mi sikuona Ruziba. Mi nilikuwa nauza ili mule."

"Najua," alisema Spéciose. "Na mi nilikuwa nashona. Ile kitu haikuoza kule ni yangu, shemeji, si yako. Melchior hakusema we ni mubaya. Alisema ye hataki. Mutu hawezi kusema ye hataki?"

Xavier akaenda kando akapiga simu; Spéciose alimsikia akisema, njoo umuondoe mama yako. Kisha akawaambia mafundi wangoje hapohapo, akaenda kwenye gari lake, akaliwasha, akaondoka. Hakurudi tena siku ile, na Spéciose hakumwona tena mpaka mwaka ulipokwisha, tena kwa mbali, ng'ambo ya barabara.

Jua la bonde lilipanda. Spéciose alifunika kichwa kwa kitambaa. Fundi mdogo alijilaza kwenye kivuli cha kaburi la jirani, mkubwa akawa anakoroga toroli kila mara, kila mara kwa shida zaidi, mpaka sepetu likakataa kuingia.

Orlane alifika kwa pikipiki karibu saa saba. Alisimama mbali kidogo, viatu vya ofisini vimejaa vumbi, akamtazama mama yake amekaa juu ya udongo kama mwuza nyanya.

"Mama, twende. Watu wanaangalia."

"Waangalie."

"Mutoto wako anakuomba."

"Nimesikia, mama. Sitatoka."

Fundi mkubwa akaona amepata mtu wa kusema naye. Akamweleza dada kwa heshima kwamba wao ni watu wa kibarua, toroli ni la kukodi, saruji imeshaganda, na kama mama hainuki wataenda nyumbani mikono mitupu. Yeye kama mtoto afadhali amshike mkono amwondoe, waanze upya na mfuko mwingine. Alisema pia, akitaka kusaidia, kwamba vigae ni vizuri, vya kutoka Tanzania, patron hakubania.

Orlane aliyatazama maboksi ya vigae. Akatazama makaburi ya kulia na kushoto. Aliinama, akagusa udongo pale vijani vilipokwanguliwa, akausugua kati ya vidole kwa muda mrefu kuliko mtu anavyosugua udongo.

"Risiti inasema muzee Xavier," alimwambia fundi. "Sawa. Lakini mwenye kulala apa ni papa yangu. Mama amesema apana, na mi nasema apana. Mubebe vitu yenu."

"Na kibarua yetu?"

"Nitawalipa ya leo."

Fundi alipiga saruji kwa mgongo wa sepetu. Ikalia kama jiwe. Akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mzima, mvi kwenye nyusi, na hasira yake ilikuwa imegeuka udadisi.

"Muzee mwenyewe alikuwa anafanya kazi gani," aliuliza, "huyu hataki hata kigae moja?"

"Alikuwa anatengeneza sanduku za maiti," alisema Spéciose.

Fundi alidhani anadhihakiwa. Akamtazama Orlane, na Orlane akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mzee yule akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega yote, mpaka akalazimika kushika toroli. Na Spéciose, ambaye tangu alfajiri ile ya hospitali hakuwa amelia wala kucheka, alicheka naye mpaka machozi yakamshuka, asijue ni ya lipi.

Orlane hakucheka. Uso wake ulikuwa bado umefungwa, na mahari yake ilikuwa bado mashakani, na jioni ile alirudi kulala kwa shangazi. Lakini alimnyooshea mama yake mkono, na Spéciose akaushika, akainuka kwa taabu maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, akasimama amemwegemea huku binti akimpangusa udongo nyuma ya kikwembe.